Sauti ya Ayeeyo Kinywani mwa Sheikh

Haya, nitawaambia, lakini chekeni polepole, maana mpaka leo nikienda harusi yoyote ya ukoo wetu hapa Garissa na mtu akatokea na kamera, lazima shangazi fulani au binamu fulani anigeukie aniulize, "Fardosa, leo sauti itatokea kwa nani?" na watu waangue kicheko, nami nijifanye narekebisha mtandio. Aibu yenyewe ni yangu, sikusingiziwa na mtu. Niliitengeneza kwa mikono yangu miwili, kwa kompyuta, na kwa mdomo (hasa kwa mdomo).

Ulikuwa mwaka wa tisini na tisa. Nilikuwa na miaka ishirini na mitatu, nimerudi kutoka Nairobi na cheti changu cha kompyuta ndani ya bahasha ya plastiki, nimepata kazi ya kufundisha katika chuo kidogo cha vyumba viwili nyuma ya maduka ya nguo. Kompyuta zilikuwa sita, na moja kati ya hizo sita ndiyo iliyokuwa fahari yetu, kwa sababu mwenye chuo aliileta kutoka Dubai ikiwa na mashine ya kuandikia diski, kitu ambacho nadhani katika mji mzima hapakuwa na kingine. Tulikuwa walimu wawili, mimi na Bwana Mutua, mtu wa Kitui, mpole, aliyependa kusema "polepole" hata pale ambapo hakuna mtu aliyekuwa na haraka.

Sasa lazima mjue na habari ya Eeddo Shamsa, dada yake baba, ndio mtaelewa kwa nini nilijitia kiherehere. Eeddo alikuwa ameshatangaza mbele ya akina mama wote wa mtaa kwamba miaka miwili niliyokaa Nairobi nilifundishwa kubonyeza tu, na kwamba binti yake Kaha, aliyemaliza kidato cha nne na ambaye kila siku alikuwa ananisihi nimwombee ruhusa ajiunge na chuo chetu, hatakwenda kukaa mbele ya kioo mchana kutwa kama mtu anayejipodoa. Kwa hiyo mimi nilikuwa natafuta nafasi. Nilitaka siku moja nifanye jambo kubwa la kompyuta ambalo Eeddo ataliona kwa macho yake.

Nafasi ikaja na miguu yake. Jumanne moja asubuhi aliingia chuoni Adeer Sugow, kaka mkubwa wa baba, mfanyabiashara wa ng'ombe na mtu ambaye akikohoa watu hunyamaza. Mkononi alishika kasha la diski mbili amelifunga kwa leso kana kwamba ni yai. Akatusalimia, akaketi, akafungua leso, na kwa sababu Mutua alikuwapo akazungumza Kiswahili chake.

"Maalim Mutua, hii fideo ya harusi ya binti yangu. Ndani yake mama yangu iko. Nataka mtoe bacha yake."

"Pacha?" Mutua akauliza.

"Haa, bacha. Mtoto wa bili, sawa na hii."

Niwaeleze. Harusi ya binamu yangu ilipigwa video mwaka mmoja kabla, kanda ikapelekwa Nairobi ikahamishwa kwenye diski mbili, ya kwanza na ya pili, kisha kanda yenyewe ikasahauliwa juu ya dashibodi ya lori kwenye jua la Garissa na ikajikunja kama kipande cha ngozi. Miezi minne baadaye Ayeeyo, nyanya yetu, akafariki. Na Ayeeyo alikuwa hapendi kabisa kupigwa picha, maisha yake yote alikuwa na picha moja tu ya kitambulisho ambayo amekunja uso kama anagombana na serikali. Lakini siku ile ya harusi, sijui kilichomwingia, kamera ilipomfikia alizungumza. Alitulia akazungumza kama dakika mbili nzima, akamwombea dua bibi harusi, akamtania bwana harusi, akacheka. Sauti yake na uso wake unaocheka vilikuwa vimebaki hapo tu duniani, kwenye ile diski ya pili, ambayo Adeer mwenyewe alikuwa ameiandika namba 2 kwa kalamu ya wino wa buluu. Na kila jamaa alikuwa anaiazima, na kila ikirudi ilikuwa na mikwaruzo mipya ya mchanga. Sasa ndugu yake Sugow, Adeer Dubow wa Habaswein, alikuwa anakuja Ijumaa na watu wake, na Adeer Sugow alitaka ampe nakala yake aondoke nayo.

Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka. Nikamwambia, "Adeer, hiyo ni rahisi tu. Tena sitakupa diski mbili. Nitakupa zote mbili ndani ya moja."

Adeer akanitazama. "Mbili inaingia kwa moja?"

"Inaingia," nikasema, kwa sauti ya mtu aliyeiumba diski.

Mutua aliinua macho kutoka kwenye kitabu chake, akayashusha tena. Adeer alipoondoka (tayari ameahidi kwamba Ijumaa baada ya swala ya alasiri ukoo mzima utaalikwa kuitazama hiyo nakala mpya, pamoja na sheikh aliyefungisha ndoa), Mutua akaniambia, "Dada Fardosa, polepole. Tuna programu mbili, na hizi mbili si sawa."

Na kweli zilikuwa mbili. Ya kwanza ilikuja na mashine yenyewe kutoka Dubai, sura yake ya kijivu, vitufe vitatu, haina urembo wowote. Ilichofanya ni kusoma diski yote kuiweka kwenye kompyuta, kisha inakwambia toa hii weka tupu, halafu inaandika kila kitu kama kilivyo. Ilichukua muda, na diski mbili zilitaka diski tupu mbili. Ya pili Mutua alipewa na rafiki yake Nairobi, na hiyo ilikuwa na rangi, ina picha ya diski inayozunguka, ina orodha ndefu ya kuchagua, na katika orodha hiyo ndipo palikuwa na kile kitu cha kubana filamu ili dakika tisini ziingie mahali pa sabini na nne. Diski tupu tulikuwa nazo tatu tu, nazo zilitoka Nairobi. Mimi nikajiambia, kwa nini nimalize diski mbili wakati moja inatosha?

Msidhani niliruka tu bila kupima. La, nilipima, tena kwa madaha. Nilichukua daftari jipya nikachora mistari, upande huu programu ya kwanza, upande huu ya pili, nikaandika mwendo, picha, sauti, idadi ya diski, na kila nilichofanya nikakiandika na saa yake, kama daktari wa wodini. Nikabana dakika kumi za mwanzo wa harusi, nikazitazama kwenye kompyuta, magari yanaingia, honi zinalia, watu wanasalimiana, picha safi, sauti safi. Nikaipa programu ya pili alama tisa kwa kumi. Ya kwanza nikaipa tano, na pembeni nikaandika "ya kizamani".

Mutua akasoma akauliza, "Umetazama dakika kumi tu?"

"Ukionja mchuzi lazima umalize sufuria?"

"Mchuzi ni mmoja juu na chini," akasema. "Filamu sijui."

Nikalifunga daftari. Jumatano na Alhamisi ile kompyuta ilisaga harusi mchana kutwa, mwenye chuo ananiuliza mbona inanguruma, mimi namwambia ni kazi ya ukoo. Ijumaa asubuhi nikaja peke yangu, siku ambayo chuo kimefungwa, nikaanza kuandika diski. Ya kwanza ikafika nusu, stima ikapepesa mara moja tu kama mtu anayekonyeza jicho, diski ikaharibika. Nikaitupa kwenye debe la taka nje ya mlango. Ya pili ikaandikwa mpaka mwisho, alhamdulillahi, nikaibusu kabisa. Saa nane ilikuwa inakaribia, na mtu mwenye akili angeitazama ile nakala angalau katikati na mwisho. Mimi nikaona muda uliobaki niutumie kukamilisha daftari langu, niweke diski ya pili ya Adeer kwenye programu ya kwanza nione itachukua dakika ngapi kuisoma, ili nikimwonyesha Mutua Jumamosi asiwe na la kusema. Nikaiweka. Ikaanza kusoma. Na stima ikapotea, si kwa kupepesa, ikapotea mji mzima.

Nikangoja kidogo. Kaha akaja mbio kuniambia jenereta limeshaletwa, wageni wa Habaswein wamefika, Adeer anauliza nakala iko wapi. Nikaikamata nakala mpya, nikakamata kasha la Adeer, nikafunga mlango, tukaondoka.

Uani kwa Adeer palikuwa pamejaa. Televisheni ilikuwa imewekwa juu ya meza chini ya turubai, deki ya diski pembeni yake, jenereta linatetemeka nyuma ya jiko, wazee na vijana wameketi upande mmoja kwenye viti, sisi wanawake upande wa pili kwenye mikeka. Sheikh alikuwa mbele kabisa, karibu na Adeer Dubow, ambaye ni mtu mrefu, mkimya, na ambaye mama yake alipofariki alikuwa na mifugo mbali huko malishoni na hakuwahi mazishi. Hilo nalijua sasa kwa namna ambayo siku ile sikulifikiria. Yeye hakuja kutazama kompyuta ya Fardosa. Alikuja kumsikia mama yake.

Adeer Sugow akasimama akasema (kwa Kisomali, lakini nawapeni kwa Kiswahili), "Huyu binti yetu amezitia diski mbili ndani ya moja. Elimu hii tuliilipia sisi." Watu wakasema mashallah. Nikamtazama Eeddo Shamsa. Eeddo akatazama televisheni.

Dakika kumi za kwanza zilikuwa asali. Magari, honi, salamu. Watu wananiinamia wananipongeza. Karibu na dakika ya ishirini nikaona mtu kwenye filamu anafunga mlango wa gari na mlio wake unakuja akiwa ameshaanza kutembea. Nikajiambia ni deki. Dakika ya thelathini mbuzi mmoja akafungua mdomo, hakutoa sauti, akaondoka, kisha bwana mmoja mwenye kilemba akageuka kwa heshima akalia kama mbuzi. Watoto wakacheka. Hapo ndipo mimi nikaelewa. Sauti ilikuwa inachelewa, na kila dakika ilikuwa inazidi kuchelewa, na Ayeeyo alikuwa bado mbele huko.

Ningeweza kusimama nikasema zimeni. Ndiyo, ningeweza. Nilikaa.

Ayeeyo akatokea. Uso wake ukajaa kwenye kioo, shali yake ya rangi ya kahawia, macho yake, na uani pakawa kimya hata jenereta lilisikika kama liko mapajani mwetu. Akafungua mdomo. Ikalia honi ya gari. Akainua mkono wake, ule mkono wenye hina kwenye kucha, anaomba dua, na sauti iliyotoka ilikuwa ya mpishi anauliza mchele umewekwa wapi. Adeer Dubow alikuwa ameinama mbele kwenye kiti chake, mkono sikioni, anajaribu kusikia. Picha ikamwacha Ayeeyo. Ikaja kwa sheikh, aliyeketi kwa utulivu wake wote, ndevu zake, joho lake, anafungua kinywa kutoa mawaidha ya ndoa, na kutoka kinywani mwake, kwa sauti ya wazi ya Ayeeyo wetu, ikasikika, "Huyu bwana harusi mbona kakonda namna hii? Kwao ngamia hawana maziwa?"

Hakuna aliyecheka. Kisha sheikh mwenyewe, yule wa kweli, aliyekuwa ameketi pale mbele, akasema taratibu, "Mimi sikusema hivyo."

Nilitamani ardhi inimeze na mkeka wangu. Vijana wakaanza kujikaba midomo kwa mikono. Adeer Sugow akasimama, akazima deki, akanigeukia.

"Mama yangu umemfanyia nini?"

"Adeer, ni programu, imebana sauti..."

"Lete diski yangu. Ile ya wino."

Nikafungua kasha. Ya kwanza ipo. Mahali pa ya pili ni patupu.

Nikatafuta chini ya kasha, nikatafuta kwenye mkoba, nikaumwaga mkoba mkekani mbele ya ukoo mzima, kitana, funguo, kalamu mbili, mkebe wa mafuta ya mikono, lile daftari, na karanga zilizomwagika zamani. Hakuna diski. Eeddo Shamsa akasema kwa sauti isiyo kubwa, "Kubonyeza tu." Halafu mimi mwenyewe, kwa mdomo wangu huu huu ambao sijui kwa nini sikuushona siku ile, nikasema kitu nilichokuwa naogopa hata kukifikiria, "Labda niliitupa. Kuna moja iliharibika, niliitupa kwenye taka. Labda nilichanganya."

Tukapanda pikapu ya Adeer. Mbele wakakaa Adeer wawili na sheikh, nyuma nikakaa mimi na Eeddo Shamsa na Kaha na vijana sijui wangapi, na wengine wakatufuata kwa miguu, hivi kwamba tulipokata kona ya maduka ya nguo watu walitoka nje kuuliza nani amefariki. Mlinzi wa chuo, mzee mmoja mstaarabu sana, akatufungulia mlango kwa tabasamu, na nilipomuuliza taka ziko wapi akaonyesha pipa nyuma ya choo. Moshi ulikuwa bado unatoka.

"Ijumaa ndiyo siku ya kuchoma," akasema. "Nimeshamaliza."

Adeer Dubow ndiye aliyeingiza fimbo ndani ya jivu. Akakoroga, akainua kitu, kipande cha diski kilichojikunja, kimekuwa cheusi, kinanuka plastiki. Akakishika kwenye kiganja ingawa kilikuwa bado na moto. Akaenda akaketi kwenye ngazi ya chuo, akakitazama. Wenzangu, mimi nimewahi kupigwa, nimewahi kutukanwa, nimewahi kufeli mtihani, lakini sijawahi kuona kitu kibaya kama mzee yule mrefu ameketi kwenye ngazi na kile kipande cheusi. Nikalia. Nililia kwa sauti, mlango wa chuo ukiwa wazi mbele yangu.

Ni Kaha aliyekuwa ameshika daftari langu. Alikuwa amelichukua pale mkekani pamoja na vitu vyangu, na nadhani alikuwa anaangalia tu ili asinitazame nikilia. Akanigusa bega. "Fardosa, hapa umeandika nini? 'Saa nane na dakika tano. Diski namba 2, programu ya kwanza, imeanza kusoma.' Halafu hakuna kitu."

Nikasoma. Nikasoma tena. Imeanza kusoma. Haikumaliza! Stima ilipotea ikiwa inasoma!

Niliingia ndani nikimkumba sheikh (Mungu anisamehe). Kompyuta ilikuwa imekaa kimya gizani. Nikabonyeza kitufe cha mashine ya diski, nikabonyeza tena, hakuna kitu, maana bila stima kile kijidroo hakifunguki. Wote, isipokuwa Adeer Dubow, walikuwa wameingia wamenizunguka. Kijana mmoja akasema tulete jenereta, mwingine akasema tuvunje, akawa tayari anatafuta bisibisi. Nikapiga kelele asiguse. Nilikuwa nimekumbuka mwalimu wetu mmoja Nairobi aliyetuonyesha kwamba pale mbele ya mashine, chini ya kitufe, kuna kitundu kidogo sana ambacho watu hudhani ni urembo. Kinataka kitu chembamba na kirefu. Nikapeleka mkono kwenye mtandio wangu, nikachomoa pini, mtandio ukalegea, Eeddo akaushika haraka kwa nyuma usinianguke mbele ya wanaume, na akaendelea kuushika hivyo hivyo huku mimi nimepiga magoti mbele ya kompyuta nasukuma pini ndani ya kitundu.

Ikagonga kitu. Nikasukuma. Ikasema *tak*.

Kijidroo kikachomoza upana wa ukucha. Nikakivuta kwa vidole, taratibu, na pale ndani, katika giza lile, nikaona namba 2 ya wino wa buluu.

Sikumbuki nani alisema alhamdulillahi kwanza, nadhani tulisema wote. Adeer Sugow alichukua diski ile akaigeuza, akaitazama kwenye mwanga wa mlangoni, akaifunga kwenye leso yake, akatoka nje akamwonyesha ndugu yake pale kwenye ngazi. Adeer Dubow akatupa kile kipande cheusi. Nami niliketi sakafuni kama mtu aliyetua mtungi mzito, nikaanza kucheka na kulia, na Eeddo nyuma yangu bado ameshika mtandio ananiambia, "Tulia basi nikufunge."

Tukarudi uani. Watu walikuwa hawajaondoka (nani angeondoka?). Adeer mwenyewe akaiweka diski ya kweli kwenye deki, kwa mikono yake, mimi nikaambiwa nikae mbali, na nilikaa mbali. Ayeeyo akatokea. Akafungua mdomo, na sauti yake ikatoka mdomoni mwake. Akamwombea bibi harusi watoto na mvua. Akauliza kuhusu bwana harusi na maziwa ya ngamia, akacheka kile kicheko chake cha puani. Adeer Dubow alifunika macho kwa kiganja na kusikiliza tu, hakutazama kabisa, na ilipoisha akasema, "Rudisha." Tukairudisha mara tatu.

Mara ya tatu Ayeeyo alipofika kwenye maziwa, Adeer Sugow akaanza kutikisika mabega. Nikadhani analia. Kumbe anacheka. Akamgeukia ndugu yake akasema, "Unakumbuka? Mama alikuwa hamwachi mtu amalize. Sheikh anafungua kinywa, yeye ameshasema." Na Adeer Dubow, yule mkimya, akacheka mpaka kilemba kikamwanguka, na ndipo uani pote palipolipuka, kile kicheko kilichokuwa kimezuiwa tangu mwanzo kikatoka chote, na sheikh akasema kwamba kwa kweli hilo suala la maziwa lilikuwa la msingi katika ndoa. Mimi nilicheka nikiwa nimejifunika uso. Nilikuwa nimesamehewa, nami nilijua.

Jumamosi nilimpelekea Mutua daftari. Alisoma mpaka mwisho, akachukua kalamu, akafuta ile tisa, hakuandika kitu mahali pake, akanirudishia. Nakala ya Adeer Dubow ilibidi ingoje wiki mbili mpaka diski tupu zipatikane Nairobi, kisha nikaitoa kwa ile programu ya kijivu yenye vitufe vitatu, diski mbili kwa diski mbili, na nikaitazama yote, dakika tisini, nimekaa kitini sijainuka hata kunywa maji. Tukaipeleka Habaswein kwa lori la mizigo. Jibu likaja kwa redio ya mawasiliano ya dukani, ile ambayo watu walikuwa wanaipangia foleni kabla ya simu za mkononi, Adeer Dubow anashukuru, nakala imefika salama, mama anasikika vizuri. Kisha akauliza, na dukani pale kila mtu alikuwa anasikiliza, kama ile nyingine bado ipo, ile ya sheikh, kwa sababu watu wa Habaswein wameisikia habari yake na hawamwachi apumzike.

Kaha alianza masomo mwezi uliofuata. Eeddo Shamsa alimleta mwenyewe mpaka mlangoni, akasimama, hakuingia, akasema sharti lake ni moja, nianze kwa kumfundisha ile ya pini.

Na mimi? Niliapa siku ile nimeketi sakafuni, na kiapo changu nimekishika mpaka leo. Kitu ambacho kiko kimoja tu duniani sikifanyii majaribio, nakitoa nakala ya kawaida kwanza, ya polepole, ya kizamani, kisha ndiyo nicheze. Nikipima programu naitazama mpaka dakika ya mwisho. Na mtu akiniletea kazi akaniuliza kama inawezekana, hata kama naijua kama ninavyolijua jina langu, simwambii ni rahisi. Namwambia aiache, aende nyumbani, nitamtumia habari.